Kofia Usoni

Kabla ya kumwogesha mkwewe, Zamda alikuwa na mambo mawili ya kufanya: kutia komeo mlango wa mbele, kisha kumpa mzee kofia yake. Mzee Sadala aliipokea kwa mkono wa kushoto, ule uliobaki na uhai, akajifunika nayo uso. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Maji yalimiminwa, kitambaa kilikamuliwa, mwili uligeuzwa kwa kuvutwa shuka, na muda wote huo hakuna aliyesema neno. Walikuwa kama watu wasiokuwemo chumbani.

Hawakuwahi kukubaliana hivyo. Ilikuja yenyewe siku ile Hashim aliposhindwa kutokea. Hashim, mtoto wa mdogo wake mzee, mtu mzima mwenye mke, ndiye aliyekabidhiwa kumwogesha mzee tangu kiharusi kilipomlaza upande mzima wa kulia. Alikuja mwezi mmoja na nusu, akapata pikipiki ya mkataba Handeni mjini, akasema atapita alfajiri kabla ya kuingia kijiweni. Siku mbili alipita. Ya tatu Zamda alingoja hadi saa nne, mzee amelala katika uchafu wake, ameukazia macho ukuta.

"Mama," mzee aliita kutoka ndani, "nipe kofia yangu."

Zamda alidhani anataka kuswali. Alipoona kofia imefunika uso, alielewa. Alikwenda kuchota maji.

Miaka kumi na tisa alikuwa ameishi katika nyumba ile ya Misima bila kuketi kwenye mkeka aliokalia mkwewe. Kwa Wazigua wa kule, mke wa mtoto haingii chumba cha baba mkwe, hata fagio hulikabidhi mlangoni. Sasa alijua kila mfupa wa mzee huyo ulipochomoza. Alijua na kidonda. Kilikuwa chini ya kiuno, pale mfupa unapokutana na godoro. Kilianza kama wekundu wa kuumwa na siafu, sasa kilimeza kidole gumba. Alikiosha kwa maji ya chumvi, akakipaka asali, akakifunga kwa kipande cha kanga yake ya kijani, ile aliyoletewa na mumewe alipojifungua Hafsa. Kanga ilikuwa imebaki nusu.

Akimaliza, alimlisha uji. Kisha alimfunga kamba laini kiunoni, ncha yake kwenye mti wa kitanda, asije akaanguka tena kama mwezi uliopita, akachukua jembe. Masika hayamngoji mgonjwa. Mahindi yasipopandwa, nyumba nzima italala njaa, mgonjwa akiwemo. Na kila saa aliyokuwa shambani, mzee alikuwa amelalia kidonda.

*

Habari ya gari aliletewa na jirani yake, Bi Maryamu, mke wa Mzee Awadhi aliyekatwa mguu kwa kisukari.

"Umesikia? Kile kituo cha kutwa cha Handeni kinafika huku sasa."

"Kituo gani?"

"Cha wagonjwa watu wazima. Mbona mjini wanacho mwaka wa pili. Gari linamchukua mgonjwa asubuhi, anashinda kule na manesi, anapewa dawa, ananyooshwa viungo, anasafishwa, anafungwa kidonda, anakula, alasiri anarudishwa kwake. Kulala analala kwake. Sasa wameongeza gari, wanachukua wa Misima pia."

Zamda aliacha kupepeta. "Wangapi?"

"Kumi. Kata nzima, kumi. Nesi atapita Alhamisi nyumba kwa nyumba, anaandika fomu. Aliye hoi zaidi ndiye wa kwanza."

Usiku wa siku hiyo Zamda hakupata usingizi, na asubuhi alimpigia mumewe. Faraji alikuwa dereva wa trekta katika shamba la mkonge upande wa Korogwe. Alirudi Misima mwisho wa juma tu, na kila alipoamka alikuta baba yake ameshaogeshwa. Jumatano jioni aliingia na mfuko wa sukari, wembe mpya na kanzu nyeupe aliyoazima kwa msimamizi wake.

"Baba anyolewe," alisema. "Shuka lile la maua litandikwe. Na udi uwashwe, chumba kinanuka."

"Baba Hafsa, nesi anakuja kuona ugonjwa. Haji kuposa."

"Anakuja nyumbani kwa Sadala. Unataka aondoke akasimulie Handeni kwamba mzee wetu tumemtupa?"

"Nataka aone alivyo."

"Alivyo ni baba yangu." Faraji aliupima wembe kwenye ukucha. "Kwanza Hashim anamwogesha vizuri. Kila nikimpigia ananiambia mzee yuko salama."

Zamda aliinamisha kichwa kwenye sufuria. Miezi saba Hashim alikuwa anamdanganya mwenzake kwa simu, na miezi saba yeye alikuwa anaulinda uongo huo kwa mikono yake miwili. Angesemaje? Aanzie wapi mke kumwambia mume kwamba amemwona baba yake utupu?

Faraji aliingia kwa babaye. Zamda aliwasikia wakicheka, na sauti ya wembe ikipita shavuni. Kamba ya kiunoni alikuwa ameshaificha mvunguni.

*

Nesi aliitwa Janeth. Alikuwa mama wa makamo mwenye viatu vya raba na fomu zilizobanwa kwenye ubao. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Maneno ya mzee yaliburuta kidogo, lakini yalifika. Aliegemezwa kwenye mito mitatu, kanzu imenyooka, mkono uliokufa umepangwa juu ya paja kama wa mtu anayepigwa picha. "Nisamehe kutosimama. Mguu mmoja umekuwa mvivu."

Nesi alicheka, akakaa kwenye kigoda. Faraji alisimama kichwani pa kitanda. Zamda alibaki kizingitini, mguu mmoja nje, kama inavyompasa mkwe.

"Unakula mwenyewe, mzee?"

"Mungu akinipa, nakula."

"Kwa mkono huo wa kushoto?"

Mzee alimtazama kama aliyetukanwa. "Wa kushoto una kazi yake, nesi. Muislamu hali nao."

"Kwa hiyo kuna mtu anakulisha?"

Faraji akakohoa. "Anakula, nesi. Baba anakula vizuri tu."

"Ningependa nimwone akila. Hata vijiko viwili."

"Leo Alhamisi," mzee alisema upesi. "Nimefunga."

Kalamu ya nesi ilisimama. "Umefunga, na hali hii?"

"Jumatatu na Alhamisi sijaacha tangu nikiwa mkata mkonge. Na mkonge ule, mwanangu, ulikuwa ukikuchoma unalia kwa lugha ya kabila lako."

Nesi alicheka tena, akaandika. Kwenye ukosi wa kanzu, kidogo chini ya kidevu, Zamda aliona tone la uji wa asubuhi limekauka. Alimwomba Mungu nesi alione. Nesi alikuwa anaandika.

"Chooni?"

"Anasaidiwa kidogo," Faraji alijibu.

"Nani anamwogesha?"

"Hashim. Mtoto wa baba yangu mdogo."

"Huyo ndiye mtunzaji wake? Naandika Hashim." Akaandika. "Ana vidonda mahali popote? Mgongoni, kiunoni?"

Faraji aligeuka kizingitini. "Mama Hafsa, Hashim amewahi kukuambia kitu?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Jibu lake lilikuwa viti kumi vya gari, na kimoja kilikuwa kinamwangalia Zamda usoni. Alifungua mdomo. Mkono wa kushoto wa mzee uliinuka taratibu kutoka kwenye shuka la maua, ukapanda hadi kichwani, ukatulia juu ya kofia. Haukuivuta. Ulitulia tu, na macho ya mzee yakamtazama mkwewe.

"Hajaniambia kitu," Zamda alisema. Na ilikuwa kweli. Hashim hakuwahi kumwambia kitu.

"Hata hivyo ningetaka kumgeuza nimwangalie mwenyewe," nesi alisema, akaanza kukunja mikono ya gauni. "Na nimpime presha."

"Mwanangu, usiniguse," mzee alimwambia kwa upole. "Nina udhu. Nangoja adhuhuri. Siku nyingine utanipima."

Nesi Janeth alimtazama Faraji, naye Faraji alitazama chini. Nesi alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika nchi ya watu wenye dini yao na hakutaka kumvunjia mzee udhu wake. Hakujua kwamba udhu wenyewe ulitiwa alfajiri na mikono ya mwanamke aliyesimama kizingitini.

"Basi nitaandika kama mlivyosema," alisema, akampa Faraji fomu atie saini.

Nje, akivaa viatu, alimnong'oneza Zamda: "Mama, hakuna la kuniambia wewe?"

Faraji alikuwa nyuma yao ameshika mfuko wa machungwa ya kumpa mgeni.

"Karibu tena, nesi," Zamda alisema.

*

Majina kumi yalibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kata. Mzee Awadhi alikuwa wa kwanza. Jina la Sadala lilikuwa karatasi ya pili, wa tatu kutoka chini, na mbele yake maneno: anajitegemea kiasi, asubiri awamu nyingine.

Jumatatu gari lilipiga honi kwa Bi Maryamu. Zamda alimwona Mzee Awadhi akibebwa kwenye kiti, amevaa miwani nyeusi kama tajiri anayekwenda Hija.

"Mimi nesi nilimfunulia shuka," Bi Maryamu alimwambia alipopita. "Hakuna alichoacha kuona, mpaka ndoo. Mficha maradhi, shoga yangu, kilio humfichua."

"Wewe ni mke wake."

Bi Maryamu alikuwa mjuzi wa mambo ya watu, na mara moja hesabu ikamkalia sawa. Alimtazama Zamda mikono, kisha akasema, "Nenda Handeni. Nitamwangalia mimi hadi urudi."

Kituo kilikuwa nyumba ndefu yenye baraza. Wazee walikaa kwenye viti wamepangwa duara. Bibi mmoja alikuwa anaminya mpira wa kitambaa, mwingine anafundishwa kufunga kifungo. Lakini kilichomsimamisha Zamda ni mzee mmoja mwenye kofia ya viua, upande wake wa kulia umelegea vile vile kama wa Mzee Sadala. Mkanda wa kitambaa ulikuwa umezungushwa kwenye kiganja chake cha kulia, na ndani ya mkanda kimechomekwa kijiko. Nesi kijana alikuwa anakiinua kiwiko. Mzee yule alikuwa anakula uji kwa mkono wa kulia.

Zamda alisema yote, amesimama, haraka haraka, kabla aibu haijamfikia. Kamba. Kofia. Kidonda.

Nesi Janeth alishusha kalamu. "Kwa nini hukusema siku ile?"

"Ningesema mbele ya nani?"

Nesi alimpa bandeji na dawa ya kuoshea, akamweleza namna ya kumgeuza kila saa mbili. "Akipata homa usingoje mtu, mpeleke hospitali. Nafasi nitaishikilia moja, kuna mgonjwa amehamia kwa bintiye Vugiri. Lakini maelezo yale ameyatia saini mtoto wake. Aje yeye ayabadilishe. Mwisho Jumatatu ijayo."

*

Faraji alikuja Jumamosi. Zamda alimngoja amalize kula, akamnawisha mikono, akamwambia.

Hakupiga kelele. Aliinuka, akaingia kwa baba yake, akakaa humo kitambo. Alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyetapika.

"Umeona uchi wa baba yangu."

"Nimeona kidonda chake."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa saba huu."

"Miezi saba nakula mezani kwako." Alikaa kwenye ngazi, akasimama, akakaa tena. "Kwa nini usiniambie nikamtafuta mtu?"

"Ungemtafuta, siku hiyo baba angelala na nini? Nilimuuliza shehe kwa mafumbo, akasema dharura ina hukumu yake."

"Shehe haishi na mimi kijiweni. Misima wakijua, uso nitauweka wapi?"

"Baba yako anauweka ndani ya kofia," Zamda alisema. "Na hiyo nafasi Handeni, mwisho wake Jumatatu. Nenda ukafute yale uliyosema. Basi."

Mwisho Faraji alisema, "Jumatatu nitashuka Handeni kwanza, ndipo niende kazini." Jumapili alimwogesha baba yake mwenyewe. Alimwaga maji nusu ya chumba, akamwumiza mzee kwa kumvuta bega lililokufa, na alipofika kwenye kidonda alitoka nje akakaa nyuma ya nyumba. Zamda aliingia akamalizia. Mzee alikuwa ameshajifunika kofia.

Jumatatu asubuhi Zamda alimsindikiza mumewe kwa macho kutoka uani. Magari ya Handeni husimama upande huu wa barabara, penye kibanda cha chipsi. Faraji alifika kibandani. Akasimama hapo, akazungumza na watu wawili, wakacheka kitu. Kisha akavuka barabara, akasimama upande wa magari ya Korogwe.

*

Homa ilianza Jumatano. Alhamisi Zamda aliita bajaji. Dereva alipoingia kumbeba, mzee alishika mti wa kitanda kwa mkono wa kushoto na hakubanduka.

"Watanivua nguo hospitali, na wewe umesimama hapo na dereva wa watu. Tumngoje Faraji, mama."

"Baba, Faraji hana haraka."

"Tumngoje."

Faraji alipata ruhusa Ijumaa jioni. Jumamosi kabla ya jua, Mzee Sadala alikuwa ametulia, na chumba kinanuka bila udi.

Wanaume walimwoshea uani nyuma, wamezungusha maturubai. Zamda alikuwa na wanawake chumba cha uani, ukuta wa udongo tu ukimtenga na maji yale. Alisikia maji yakisita. Alisikia sauti ya shehe.

"Lahaula. Kidonda hiki. Lakini tazameni kilivyofungwa. Kisafi. Nani alikuwa anamfanyia mzee kazi hii?"

Zamda alijua wameshika nini: ukanda wa kanga ya kijani, kwa sababu bandeji za Handeni zilikwisha Alhamisi. Kulikuwa na mtu mmoja tu kule nje aliyeinunua kanga ile.

"Hashim," sauti ya Faraji ilisema.

"Mungu akulipe, Hashim," alisema shehe, na wanaume wengine wakaitikia. "Umemfanyia baba yako mkubwa jambo ambalo watoto wa kuzaa hawalifanyi."

"Amina," Hashim alisema.

Bi Maryamu aliutafuta mkono wa Zamda chini ya kanga, akaushika kwa nguvu, kama anayemzuia asiinuke.

*

Siku ya tatu ilikuwa Jumatatu. Khitma ilikuwa inasomwa uani, wanaume wameketi kwenye majamvi na juzuu mikononi, gari la kituo lilipopunguza mwendo na kupiga honi barabarani. Hakuna aliyewaambia. Nesi Janeth alishuka na ubao wake, akaona majamvi, akasimama.

"Poleni," alisema. "Jamani, poleni sana. Mtoto wake hakutokea wiki ile, nikasema leo nipite mwenyewe. Nafasi yake ilikuwa bado ipo."

Faraji aliinamia juzuu.

Nesi alingoja mpaka wamalize kusoma, akanywa chai aliyopewa, akatoa mkono wa pole. Kisha, kwa sauti ya chini, akasema ana jambo dogo la kazi. Faili la mzee lilifunguliwa, sasa lazima lifungwe. Inatakiwa saini ya mtunzaji wake. "Hapa pameandikwa Hashim. Ndiye yupi?"

Vidole vitatu vinne vilimwonyesha. Hashim alijifuta mikono kwenye msuli, akamtazama Faraji, akaanza kuinuka.

"Nesi, futa jina hilo."

Zamda alikuwa ametoka chumba cha wanawake. Alikuja hadi ukingo wa jamvi, mahali ambapo kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kukanyaga wanaume wakiwa wameketi. Hakuwa amejifunika uso wala hakuinamisha kichwa.

"Hashim aliacha kuja mwaka jana. Baba nilikuwa namwogesha mimi. Nilikuwa namlisha mimi, namgeuza mimi, kidonda nilikuwa nakifunga mimi kwa kanga yangu. Mtoto wake anajua. Andika Zamda, mke wa Faraji, mkwe wa marehemu."

Juzuu hazikufunuliwa tena. Hashim alibaki nusu amesimama, nusu amechuchumaa. Shehe alifumba macho. Nesi Janeth alikata jina moja kwa mstari mrefu, akaandika jingine juu yake, akamsogezea Zamda ubao na kalamu.

Zamda alitia saini polepole, herufi kwa herufi. Alipoinua macho alimtafuta mumewe katika wale watu. Faraji alikuwa amevua kofia yake. Aliishika kidogo kwa mikono miwili, kisha akajifunika nayo uso.